Kitufe cha "Kataa" kifanye kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye kampuni za utalii, hoteli, shule na zahanati wanaoendesha tovuti, pamoja na mafundi wenzangu tunaowatengenezea. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika hapa Tanzania tarehe 1 Mei 2023, wateja wengi huja na ombi lile lile: "Niwekee kile kidirisha cha kuki." Kuki ni faili dogo ambalo tovuti huliacha kwenye kifaa cha mgeni ili kumtambua, na kidirisha hicho ndicho cha kumwomba ruhusa. Kidirisha kinawekwa, fundi analipwa, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Ukikichunguza, mara nyingi utakuta hakizuii chochote. Kinamwuliza mgeni kama anakubali kufuatiliwa, na huku ameshaanza kufuatiliwa.

Mwenye tovuti anaweza kuhakikisha mwenyewe. Fungua tovuti yako kwenye Chrome katika hali fiche (Incognito), usiguse kitu. Bonyeza F12, nenda palipoandikwa Application, kisha Cookies. Ukiona _ga, hiyo ni kuki ya Google Analytics, huduma ya Google ya takwimu za wageni, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kifaa cha mgeni miaka 2. Ukiona _fbp, hiyo ni ya pikseli ya Meta, yaani msimbo wa kufuatilia wageni kwa ajili ya matangazo ya kampuni inayomiliki Facebook, nayo hukaa siku 90. Kama zipo, zimeingia kabla mgeni hajasoma hata neno moja la kidirisha chako. Sasa bonyeza "Kataa", pakia ukurasa upya, angalia tena. Nilifanya hivyo kwenye tovuti ya kampuni moja ya safari hapa Arusha, mwenye kampuni akiwa amekaa pembeni yangu. Tulikataa, na zote mbili zilikuwa palepale. Mzee wa watu alikuwa na risiti ya fundi inayosema tovuti yake imekidhi matakwa ya sheria.

Hakuna aliyekusudia kumdanganya. Fundi wa kwanza alibandika msimbo wa Google moja kwa moja kwenye kurasa. Baadaye akaja kijana wa matangazo, akaongeza pikseli. Wa tatu akasakinisha programu-jalizi ya ridhaa, yaani kiongezeo cha kusimamia ruhusa za kuki, kwenye WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, na hakuna aliyeiambia hiyo programu kwamba kuna misimbo miwili ya kusimamisha. Ukurasa ukifunguka, kila kimoja kinajiendea kivyake. Kinachotakiwa ni msimbo wa kufuatilia usifanye kazi mpaka mgeni akubali: uondolewe ulipobandikwa na uwekwe chini ya mamlaka ya programu ya ridhaa, au uandikwe kwa namna ambayo kivinjari hakitautekeleza hadi ruhusa itolewe. Wanaotumia utaratibu wa ridhaa wa Google waweke hali ya awali kuwa "denied" (imekataliwa) kabla msimbo wenyewe haujapakiwa. Msimbo ukitangulia mstari huo, umefanya kazi bure. Na video au ramani uliyoipachika kutoka kwingine huweza kuja na kuki zake, kwa hiyo nayo ikaguliwe.

Si kila kuki inahitaji ruhusa. Ile inayokumbuka kwamba mteja ameshaingia kwenye akaunti yake, au inayotunza alichoweka kwenye kikapu, ni sehemu ya huduma aliyoiomba mwenyewe. Hata Ulaya, zinakotoka kanuni hizi, kuki za namna hiyo zimeachwa nje ya sharti la ridhaa.

Nimetaja Ulaya, na hapo ndipo ninapoulizwa: sisi tuko Arusha, sheria yao inatuhusu nini? Inatuhusu pale tunapowatafuta watu wao. Kanuni ya jumla ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inasema katika kifungu cha 3 kwamba inamfikia hata aliye nje ya Umoja huo, iwapo anawauzia bidhaa au huduma watu walioko humo, au anafuatilia mienendo yao wakiwa humo. Tovuti kuonekana tu Ulaya hakutoshi. Lakini kampuni ya Arusha yenye kurasa za Kijerumani, bei kwa yuro, na matangazo ya Facebook yaliyolengwa Munich na Hamburg itajitetea vipi kwamba haiwatafuti Wajerumani? Sitarajii maofisa wa Berlin wapande ndege waje Sakina, hapa Arusha. Ila mawakala wa huko wanaotuletea wageni wanabanwa na sheria hiyo hiyo, na Google yenyewe, tangu Machi 2024, inawataka watangazaji waonyeshe ishara ya ridhaa kwa wageni walioko Ulaya, la sivyo baadhi ya huduma za matangazo hawazipati.

Na maana ya ridhaa huko imeshaamuliwa mahakamani. Tarehe 1 Oktoba 2019, katika kesi iliyoihusu kampuni ya Planet49 ya Ujerumani, iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya vema si ridhaa, na kwamba mgeni lazima aelezwe kuki itakaa muda gani na kama kuna wengine watakaoifikia. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa data, CNIL, ikatangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook. Kosa: kukubali kulikuwa mbofyo mmoja, kukataa kukahitaji mibofyo kadhaa. Fikiria hilo unapoangalia tovuti zetu, ambapo "Kubali zote" ni kitufe kikubwa cha kijani, na njia ya kukataa imefichwa ndani ya "Mipangilio" kwa maandishi ya kijivu.

Lakini hata asiyemwuzia Mzungu hata mmoja anayo sheria ya nyumbani. Sheria yetu inamtaka mkusanyaji amweleze mhusika lengo la kukusanya taarifa zake kabla hajazikusanya, na maana ya taarifa binafsi humo inagusa pia nambari na alama za utambulisho alizopewa mtu. Kuki ya _ga ni nini kama si nambari aliyopewa mgeni ili akirudi atambuliwe? Haki ya faragha imo pia katika ibara ya 16 ya Katiba. Ninaona watu wanahangaikia cheti cha usajili cha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ni vizuri, lakini cheti hakisimamishi pikseli. Na kama wateja wako ni wa Mbagala na Morombo, maelezo ya kidirisha yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, si Kiingereza cha mwanasheria kilichonakiliwa kutoka tovuti ya Uingereza.

Wateja wangu huhofia kupoteza takwimu. Hofu hiyo naielewa, maana mtu analipia matangazo na anataka kujua kama yanaleta watu. Kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako, zinaweza kukuonyesha kurasa zipi zinafunguliwa. Programu ya takwimu kama Matomo inaweza kupangwa ihesabu wageni bila kuki. Na takwimu muhimu kuliko zote kwa mwenye loji, yaani wangapi wameulizia nafasi, anayo tayari kwenye barua pepe yake.

Kinachoniuma zaidi ni tovuti za afya. Mtu anafungua kwa simu yake ukurasa wa zahanati unaoeleza upimaji wa VVU, au matibabu ya ugumba. Kama pikseli ya matangazo imewekwa hapo, anwani ya ukurasa huo inakwenda kwa kampuni ya matangazo pamoja na alama ya kivinjari chake. Hakuna daktari anayekubali jambo hilo akielezwa, ila hakuna anayemweleza. Huko Marekani, Februari 2023, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliichukulia hatua GoodRx, kampuni ya punguzo la bei za dawa, kwa kupeleka taarifa za afya za watumiaji wake kwa Facebook, Google na wengine bila idhini yao, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5.

Mafundi wenzangu, ukurasa wa zahanati usiwekewe pikseli kabisa, hata mteja akiomba, hata kukiwa na kidirisha. Na Tume yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi naiomba ianze ukaguzi wake na tovuti za hospitali, zahanati na maduka ya dawa, na ipime kile ambacho tovuti inakifanya mgeni anapokataa, badala ya kusoma sera ya faragha iliyobandikwa chini ya ukurasa.

Wako,
Fundi wa tovuti,
Arusha