Kanda isiyo na jina ni ya nani?

Mhariri,

Nataka kuchangia kidogo kuhusu hizi nyimbo za zamani zinazofufuliwa kwenye simu siku hizi, manake watu wote naona wanashangilia tu, hakuna anayeuliza sifa na pesa zinamwendea nani.

Kuna mama mmoja wa Marekani, Margo Guryan, vijana wengi wameisikia sauti yake TikTok bila kumjua. Huyu alikuwa mtu wa jazz haswa, ile ya kina Max Roach, mpiga ngoma wa Marekani, sio jazz bendi zetu za dansi. Mwaka 1959 alisoma kwenye shule ya jazz ya Lenox, huko huko Marekani, pamoja na wanamuziki kina Ornette Coleman na Don Cherry, na baadaye muziki wa Coleman ule wa Lonely Woman yeye ndo akautilia maneno. Sasa 1966 rafiki yake mpiga piano, Dave Frishberg, akamwekea God Only Knows, wimbo wa pop wa kundi la Beach Boys. Basi yakaisha hapo! Akaona kumbe kwenye pop kuna mambo makubwa kuliko alivyodhani, akakaa chini akaandika Think of Rain na akaendelea na nyimbo laini za mapenzi za mtindo huo. Sunday Morning yake iliimbwa na kundi la Spanky and Our Gang ikaingia kwenye 40 bora za Marekani.

Wapo watakaosema alishuka daraja. Mi sioni hivyo, na sisi watu wa Malindi ndo wa mwisho kusema maneno hayo, kwa sababu Juma Bhalo, mwimbaji wa tarabu mzaliwa wa hapa hapa, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavisha mashairi ya Kiswahili yaliyopimwa vina na mizani, na mtu aseme kama lile shairi lilipungua kitu. Zein l'Abdin wa Lamu alishika njia yake nyingine na udi wake, ile ala ya nyuzi, na wote wawili tunawasikiliza mpaka leo.

Turudi kwa Margo. 1968 akatoa albamu yake, Take a Picture, sauti ndogo kama ya mtu anayekunong'oneza, wakairekodi mara mbili na kuilaza moja juu ya nyingine ili ijae. Kampuni ikamtaka azunguke kwenye majukwaa akakataa katakata, nao wakaacha kuisukuma ile rekodi, ikafa. Yeye akaendelea na maisha, akaja kuwa mwalimu wa piano. Miaka ya 90 Wajapani wakaanza kuitafuta, 2000 ikatolewa upya, halafu zikatoka na demo zake. Demo ni ile rekodi ya kumwonjesha msanii mwingine wimbo ili aurekodi, haikukusudiwa kwenda sokoni kabisa. Na hiyo Why Do I Cry iliyovuma TikTok 2021 ni demo! Mwaka huo huo wa 2021, mwezi wa Novemba, akafariki akiwa na miaka 84.

Lakini angalieni kitu kimoja. Mumewe wa pili, David Rosner, kazi yake ilikuwa kusimamia haki za nyimbo, kwa hiyo kila wimbo ulikuwa na karatasi yake na jina la mtunzi lipo. Dunia iliporudi kuutafuta ilimkuta mwenyewe.

Sasa huku kwetu. Juzi kuna klipu imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, tarabu ya harusi, gambusi na ngoma, mama anaimba mpaka mwili unasisimka, na chini imeandikwa "zilipendwa" basi. Huyu anasema ya Shela, yule anasema Lamu, mwingine ati ni Mombasa, na hakuna hata mmoja aliyetaja shairi ni la nani. Na tarabu bila mtunzi ni nini jamani? Waimbaji wetu wakubwa waliimba tungo za watu kama Ahmad Nassir na Sheikh Nabhany, na hao angalau tunawajua. Wale kina mama waliotunga kwa ajili ya harusi moja je?

Sheria ya Kenya inalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo wapo wajukuu hapa mjini wenye haki na hawajui, wala hawataijua kama kaseti yenyewe imeandikwa tu "harusi ya Fatma". Na kaseti kwa joto na unyevu huu wa pwani haidumu, utepe unapata ukungu, na zingine zilishafutwa zikarekodiwa mawaidha (sisemi ni vibaya).

Ombi langu mhariri ni hili. Mkiandika habari za tarabu za zamani msiishie kwa mwimbaji tu, tieni jina la mtunzi, na kama halijulikani semeni halijulikani ili wasomaji walilete. Na wenye kanda majumbani kabla hamjampelekea fundi aziingize kwenye fleshi, kaeni kwanza na bibi mzisikilize, muulizeni nani anaimba, nani katunga, ilikuwa harusi ya nyumba gani, muandike. Fundi atakuja kupatikana hata mwakani, bibi simuahidi mtu.

Msomaji wenu,
Malindi