Risala ya wazungumzaji wa Kiswahili wa Berlin kwa mgeni rasmi, siku ya kumkumbuka Ernst Friedrich

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazee wetu, kina mama, walimu na wanafunzi wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imejaa, na kufika kwako hapa Wedding, mtaa huu wetu wa Berlin, tena kabla hata ya mziki kufungwa, kumetupa faraja kubwa. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekutana kumkumbuka Ernst Friedrich, mhariri wa magazeti ya kianarkia na mpinga vita, aliyefariki tarehe 2 Mei 1967. Historia yake tutaipitia mbiombio, kwa sababu lipo jambo kubwa linalokusubiri mwishoni mwa karatasi hii.

Alizaliwa tarehe 25 Februari 1894 mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu, na Ernst alikuwa mtoto wake wa 13. Alijifunza uchapaji akauacha, akaingia kwenye uigizaji. Vita ya 1914 ilipoanza alikataa kuvaa sare ya jeshi, wakubwa wakampeleka kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Baadaye alifungwa, akatolewa na mapinduzi ya Novemba 1918. Baada ya hapo alihariri gazeti la vijana, Freie Jugend, na kuanzia 1925 gazeti la kila wiki, Die Schwarze Fahne. Alikuwa mwanarkia: hakuamini kwamba serikali yoyote ina haki ya kumwamuru mtu akaue.

Mwaka 1924 alitoa kitabu cha picha, Krieg dem Kriege, yaani vita dhidi ya vita. Tunaomba tusimame kidogo hapa. Kitabu kinaanza na vitu vya kuchezea watoto: wanajeshi wa bati na bunduki za bandia. Ukiendelea kufunua unakutana na maiti mitaroni, kisha nyuso za askari walionusurika, mmoja hana taya, mwingine hana pua. Mwishoni ni makaburi. Maelezo ya picha aliyaweka kwa lugha nne, Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kiholanzi, kwa kuwa alitaka mama wa kila nchi asome mwenyewe na asisubiri kusimuliwa.

Mwaka 1925 alifungua jumba la makumbusho ya kupinga vita katika nyumba ndogo kuukuu, Parochialstraße namba 29, hapa hapa Berlin. Nje alitundika kofia za chuma za askari, akapanda maua ndani yake. Alishtakiwa mara kwa mara, na mwaka 1930 akahukumiwa kifungo. Moto wa bunge la Ujerumani ulipotokea Februari 1933 alikamatwa, na wanamgambo wa Hitler wakalivunja jumba lake na kuligeuza maskani yao ya kutesea watu. Alipoachiwa alikimbia nchi. Akafungua jumba jingine Brussels mwaka 1936, nalo likaharibiwa jeshi la Ujerumani lilipoingia Ubelgiji mwaka 1940. Akakimbilia Ufaransa, akafungwa kambini, akatoroka, akajiunga na wapiganaji wa upinzani. Wapo wanaouliza mpinga vita alifuata nini huko. Sisi hatuoni mgongano: aliyekataa kuua kwa amri ya mfalme hakuwahi kuahidi kuwatazama watoto wakipelekwa kuuawa. Jumba lake lilifunguliwa upya Berlin mwaka 1982 kwa juhudi za mjukuu wake, na leo liko Brüsseler Straße, katika Wedding hii hii, likiendeshwa na watu wanaojitolea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huenda ukajiuliza, Waswahili na Mjerumani huyu wapi na wapi? Vita aliyoikataa ilipiganwa pia kwetu. Kuanzia 1914 hadi Novemba 1918 majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalifukuzana kutoka Tanga hadi Msumbiji na kurudi mpaka Abercorn (leo Mbala, Zambia), huku mizigo ikiwa kichwani kwa babu zetu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na kuhara, na Kariakoo ya Dar es Salaam na ya Nairobi zinabeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, mpaka leo. Na katika Wedding hii, barabara iliyokuwa ikimtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, ilibadilishwa jina mwaka 2024. Kipande chake kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee. Watoto wetu wanapita pale wakienda shule. Wanapouliza, lazima pawepo mahali pa kuwapeleka.

Kuhusu mafanikio, tunajivunia kusema kwamba kikundi chetu kimepiga hatua kubwa sana. Tumeandaa mabango ya maisha ya Ernst Friedrich kwa Kiswahili fasaha, kazi ambayo hatujaiona ikifanywa na mtu mwingine yeyote. Bango la wapagazi tumeliongeza sisi wenyewe. Wanafunzi wa Jumamosi wameigiza kesi yake mahakamani, na wazazi walilia. Maonesho yetu yamefika kwenye kumbi za makanisa, msikitini na kwenye sherehe za mitaa, na kila yalipofika yalipokelewa kwa shangwe.

Sasa tuje kwenye lililotufanya tukuandikie.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuna chumba. Maonesho haya unayoyaona ukutani leo yatabanduliwa saa mbili usiku, kwa sababu ukumbi ni wa kukodi kwa saa. Yatafungwa kwenye shuka, yatapandishwa kwenye treni, na yatarudi kwenye stoo ya chini ya ardhi ya jengo analokaa mwenzetu mmoja. Majira ya baridi yaliyopita bomba lilipasuka humo. Tunakuomba utupie jicho bango la tatu kutoka mlangoni, lenye picha ya kofia za chuma zilizopandwa maua. Limevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, na maandishi ya chini hayasomeki. Hatukulificha. Tumelitundika makusudi ulione kwa macho yako.

Tatizo hili si geni kwenye meza hii. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisimama hapo ulipoketi akatamka kwamba chumba "ndani ya miezi michache kitapatikana". Tulipiga makofi, tukapiga na picha. Tulipofuatilia tuliambiwa suala liko kwenye mchakato. Mgeni rasmi wa mwaka jana naye, kwa moyo mkunjufu, aliahidi kodi ya mwaka mmoja, na tukatoa namba ya akaunti siku ile ile. Akaunti hiyo ingali wazi. Hatuwataji, kwa kuwa waliwahi kuwa wageni wetu na mgeni hasemwi. Ila watoto waliokuwepo siku zile wamekua, wanakumbuka, na wanatuuliza sisi.

Mheshimiwa, tunachoomba kinapimika. Ni chumba kimoja cha mita za mraba 30, cha ghorofa ya chini ili wazee na kina mama wenye vigari vya watoto waingie bila kubebwa, chenye joto wakati wa baridi na mlango unaofungwa kwa funguo zetu. Kodi ya kila mwezi tumeanza kuichangia wenyewe, na tutaendelea. Tunachokosa ni mdhamini. Kila mwenye nyumba tunayemfuata anataka barua ya udhamini kutoka kwa taasisi inayotambulika, na amana ya miezi mitatu. Barua hiyo ni ukurasa mmoja, na ofisi yako ina uwezo wa kuiandika bila kuitisha kikao. Kwenye amana, tunaomba utusaidie nusu. Nusu nyingine tunayo.

Tukipata chumba, maonesho yatafunguliwa kila Jumamosi baada ya darasa, rafu ya vitabu vya Kiswahili vilivyorundikana majumbani mwetu itapata mahali, na mwalimu yeyote wa Berlin ataweza kuleta wanafunzi wake wasome habari za Friedrich na za wapagazi kwenye ukuta mmoja. Mwenye chumba tuliyezungumza naye amekubali kutusubiri hadi mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo atampa mtu mwingine.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba utakapotoa neno lako leo utaje na tarehe. Kitabu cha wageni kipo mbele yako, na rasimu ya barua ya udhamini imewekwa kwenye ukurasa ulio wazi. Katibu wetu atafika ofisini kwako Jumatatu asubuhi kuichukua.

Tunakutakia afya njema na kazi njema. Naomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Kamati ya Maandalizi