Shoga, mwenzio nimekuwa mkimbiaji

Columbus, Ohio
Oktoba

Shoga yangu wa pete na kidole,

Salamu nyingi kama mchanga wa Raskazone. Sisi huku wazima, ila miguu yangu ndiyo haina hali. Ile picha niliyobandikwa namba kifuani, uliyoniuliza kama nimefungwa, ni ya mashindano. Nimeingia timu ya mbio za nyika ya shule. Cheka kwanza, ukimaliza endelea kusoma.

Najua unawaza nini. Yule aliyekuwa akijifungia chooni mchakamchaka ukianza, leo anakimbia kilomita 5 bila kuchapwa? Ndiye huyo huyo.

Kisa chenyewe ni Mama. Mwezi wa 8, shule haijafunguliwa bado, akachoka kuniona nimejilaza na simu. Jirani yetu Msomali ana binti yumo kwenye timu, akamwambia hii ndiyo timu isiyo na mchujo. Kikapu wanakuchuja, voliboli wanakuchuja, hii ukileta fomu ya daktari na raba zako umeingia. Nikaenda. Kocha akaniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania. Macho yakamng'aa! Akanitajia Kipchoge. Nikamwambia yule Mkenya, tena wa kule juu milimani, mimi mtoto wa Tanga, mlima niliozoea kupanda ni ngazi za ghorofani kwa shangazi. Wala hakunisikia. Nami kwa ujinga wangu nikaona nisimwangushe mzee wa watu. Filimbi ilipolia nikachomoka na wale wa mbele, madoido mengi, shingo juu. Dakika 3 za kwanza nilikuwa Kipchoge kweli. Ya 4 kichomi kikanishika ubavuni. Ya 5 nipo nyuma ya mti narudisha chapati zote za asubuhi.

Kocha akaja, hakucheka. Akaniuliza kama nimekunywa maji, kisha akasema wiki hizi za mwanzo nikimbie mwendo ambao naweza kuongea. Nikishindwa kumaliza sentensi, basi nimezidisha. Shoga, nilidhani sijasikia vizuri. Mchezo ambao kanuni yake ni kupiga soga, na mimi nimetoka Ngamiani?

Nikwambie kitu ambacho kwenye simu sikukwambia. Mwaka jana mzima darasani sikufungua mdomo. Kiingereza nakielewa, lakini nikisema neno naona watu wanakunja nyuso kunisikiliza, basi nanyamaza. Sasa huku nyuma ya kundi tuko 3: mimi, Mnepali mmoja, na msichana wa hapa hapa ambaye kwao wanafuga ng'ombe. Ukikimbia pumzi haitoshi, kila mtu anaongea vipande vipande, maneno 4 anahema, maneno 3 anahema. Nani atajua lafudhi yangu ni ya wapi? Wote tunaongea kama tumetoka kisimani na ndoo 2. Kwa hiyo nimeongea mimi! Nimewasimulia mpaka ile siku ya pweza wa bibi yako. Yule Mnepali sasa akiona mtu kajikwaa anasema "pole", na anaisema vizuri kuliko binamu zangu waliozaliwa huku.

Si kwamba ni soga tupu. Jumanne tunapanda kilima mbio, tunashuka polepole, tunapanda tena, mara 8. Mwezi wa 9 miundi ikaniuma hata kushuka ngazi siwezi. Kosa langu: nilikuwa na raba za mtumba zilizokwisha soli, halafu nyumbani najiongezea kukimbia kwa siri ili niwapate wenzangu. Kocha alinipumzisha siku 10, barafu kila jioni, na Mama akatoa hela ya raba mpya huku ananung'unika mpaka dukani.

Mashindano yenyewe mnakimbia kwenye nyasi, vichakani, kwenye matope. Mistari ya chokaa na vibendera ndivyo vinavyokuonyesha njia. Hesabu yake nilichelewa kuielewa. Timu kuu ina watu 7, wanahesabiwa 5 wa kwanza kufika. Wa kwanza pointi 1, wa pili 2, mnajumlisha, na wenye pointi chache ndio washindi. Kwa hiyo mkishika nafasi 5 za mwanzo zote mna 15, hakuna wa kuwagusa. Mtu anayeangaliwa si yule wa mbele, ni wa 5, maana yeye akipitwa na watu 20 timu nzima imezama. Mimi simo kwenye 7, nakimbia mbio za wengine, huko tunakuwa wengi kama soko la Mgandini.

Hijabu usiwe na shaka nayo, nakimbia nayo, ile nyepesi ya michezo, na suruali ya kubana ndani ya kaptula. Zamani ilikuwa tabu. Mwaka 2019, jimbo hili hili, msichana wa shule alimaliza mbio vizuri tu, akaenda kutazama matokeo, jina lake halimo. Wamemfuta kwa sababu ya hijabu, eti hakuwa na barua ya ruhusa. Kelele zikapigwa mpaka 2022 sheria ya jimbo ikabadilishwa. Siku ya kwanza nilipofunga pini zile 4 za namba nilimkumbuka sana.

Matokeo yangu? Mbio za kwanza dakika 36 na sekunde 40, wa tatu kutoka mwisho. Na usianze kunitajia John Stephen Akhwari, yule Mtanzania wa marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968. Yeye alifika wa mwisho goti limeumia, mimi nilifika na goti zima. Jumamosi iliyopita nimepata 31 na sekunde 12. Wasichana wa mbele wakati huo walishavaa majaketi wanakula ndizi. Lakini 31, shoga!

Jumamosi hii ndiyo ya mwisho kwangu, na Mama kaapa atakuja kutazama, na kanga 2 kwa ajili ya baridi. Nimemtahadharisha kwamba huku vigelegele havijulikani, watu wanashangilia kwa kutikisa kengele za ng'ombe. Kaguna. Kasema yeye hakuzaa ng'ombe, na vigelegele atapiga.

Nijibu haraka, na uniambie kama yule wa baiskeli nyekundu bado anapita pale kwenu.

Shogayo