Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Safari za Nje na Hati za Mpakani

Ndugu wanachama, mbukwenyi.

Katiba ya chama chetu cha waendesha pikipiki inanitaka nitoe taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu. Mapato na matumizi mtasomewa na mweka hazina, na mafunzo ya usalama barabarani yamo kwenye taarifa ya katibu, kwa hiyo sitayarudia. Nimeomba muda wangu karibu wote niutumie kwenye jambo moja lililotuletea furaha na usumbufu mwaka huu, nalo ni hati za mpakani.

Sisi wa Dodoma tuna bahati ya mahali. Tumekaa juu ya ile barabara kuu iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Ukielekea kaskazini unapita Kondoa, Babati na Arusha hadi Namanga, mpakani na Kenya. Ukielekea kusini unavuka bwawa la Mtera, unapanda Iringa, kisha Makambako, Mbeya na Tunduma, mpakani na Zambia. Wazee wa chama wanaikumbuka Kondoa ya masika, pikipiki ikizama kwenye tope hadi injini. Tangu lami ya kwenda Babati izinduliwe mwaka 2018, pande zote mbili zimefunguka. Siku hizi mwenzetu akikwama, hakwami njiani. Anakwama dirishani, mbele ya ofisa wa forodha, mkononi ana karatasi isiyojitosheleza.

Msafara wa mwaka huu ulikwenda kusini: Tunduma, Zambia, Kazungula, Botswana hadi Namibia, ukarudi kwa njia hiyohiyo. Wote wamerudi salama, namshukuru Mungu. Waliowahi kuvuka Zambezi kwa pantoni walisimama kwa mshangao juu ya daraja la Kazungula, lenye urefu wa mita 923, lililofunguliwa tarehe 10 Mei 2021. Kuhusu tembo wanaokatiza barabara kati ya Kazungula na Nata, waliokwenda watawasimulia wenyewe. Mimi naomba tukae kwenye karatasi.

Naanza na kadi ya pikipiki, kwa sababu ndipo wengi wetu tulipo dhaifu. Pikipiki nyingi za chama zilinunuliwa mkononi. Mnunuzi amelipa, ana mkataba wa mauziano, anaiendesha miaka nenda rudi, lakini kadi bado ina jina la aliyeuza. Hapa mjini hilo halimsumbui mtu. Mpakani, ofisa anaweka pasipoti na kadi pamoja, anasoma majina, na yasipolingana anakushuku kuwa umebeba chombo cha wizi. Ana haki ya kukushuku. Kuna wenzetu wengine ambao kadi halisi imeshikiliwa na aliyewakopesha, nao wanatembea na nakala. Nakala haitoshi. Msimamo wangu ni kwamba mwanachama ambaye hajahamisha umiliki Mamlaka ya Mapato, TRA, asiandikishwe kwenye msafara wa nje. Anayeazima pikipiki ya mwenzake abebe barua ya ridhaa ya mwenye chombo iliyothibitishwa na wakili, yenye namba ya usajili, namba ya chesisi na namba ya injini. Na kabla ya yote, chukua tochi uinamie pikipiki yako ulinganishe namba hizo na kadi, herufi kwa herufi. Tarakimu moja iliyokosewa wakati wa usajili ni rahisi kuirekebisha ukiwa Dodoma kuliko ukiwa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma.

Bima. Wengi tunakata bima ndogo, na hiyo inaishia Tunduma. Ukivuka unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo kampuni ya bima hapa nchini inakupa juu ya bima uliyonayo. Mpango huo ulianza kazi mwaka 1987. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000, lakini ikabaki kwenye mpango wa kadi, na ndiyo maana inatusaidia Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi, Zambia na Zimbabwe. Msumbiji haimo. Botswana, Namibia na Afrika Kusini hazimo pia. Huko kuna mifuko ya taifa ya kufidia waathirika wa ajali. Afrika Kusini na Namibia fedha za mfuko hukatwa kwenye bei ya mafuta, na Botswana chombo cha kigeni hulipa ada mpakani. Hapa naomba msikilize vizuri: mifuko hiyo inafidia mtu aliyeumia au kufariki. Ukigonga gari la mtu likabonyea, hilo ni lako. Ndiyo maana napendekeza wanaokwenda mbali hivyo waulizie bima kubwa inayovuka mipaka, hata kama bei inauma.

Kadi ya Njano ya bima isichanganywe na kadi ya njano ya chanjo. Ile ya chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa sindano, na tangu Julai 2016 inatambulika maisha yako yote. Usisubiri wiki ya kuondoka.

Sasa kibali cha muda cha kuingiza chombo. Kila nchi unayoingia inakuruhusu kutumia pikipiki bila kulipa ushuru kwa ahadi kwamba utaitoa. Kibali ndiyo maandishi ya ahadi hiyo. Kwa safari za Afrika Mashariki na kusini, kibali kinachotolewa mpakani kinatosha, na mimi sioni sababu ya mwanachama anayekwenda Windhoek kujitwisha gharama za karneti. Karneti ni kitabu cha forodha kinachotolewa na vyama vya magari vilivyo chini ya shirikisho la kimataifa, FIA. Kinadumu mwaka mmoja, na kila ukurasa una vipande vitatu: kimoja kinachukuliwa ukiingia, kingine ukitoka, na kigutu kinabaki kitabuni na mihuri yote miwili. Ili ukipate unaweka dhamana, na kwa baadhi ya nchi dhamana hiyo inaweza kuzidi thamani ya pikipiki yenyewe. Anayetaka kufika Misri hana ujanja, lazima awe nacho.

Kuna jambo la kusini ambalo liliwachanganya hata wazoefu. Botswana, Namibia, Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini ni umoja mmoja wa forodha, ulioanza mwaka 1910, Namibia ikajiunga mwaka 1990. Ukiingia Botswana umeingia kwenye umoja wote. Kwa hiyo ukivuka kutoka Botswana kwenda Namibia, uhamiaji watagonga pasipoti yako, lakini karneti yako isifungwe hapo. Inafungwa siku unayotoka kwenye nchi ya mwisho ya umoja huo.

Nimefika kwenye kiini cha taarifa yangu. Mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja, alizuiwa mwaka huu kwenye mpaka mmoja siku nzima na usiku wake. Mfumo wa kompyuta ulionyesha kwamba pikipiki aliyokuwa ameikalia haijawahi kutoka katika nchi hiyo tangu safari yake iliyopita. Akatakiwa alipe ushuru wa chombo kilichobaki ndani, naye anakionyesha kwa kidole kimesimama nje ya mlango, upande wa pili wa mstari. Kilichomwokoa ni picha. Kila ukurasa wa hati zake ulikuwa kwenye simu ya katibu, pamoja na karatasi ya kurudi kwake Tanzania.

Ilikuwaje? Mipaka yetu mingi sasa ni vituo vya pamoja. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, ndicho kilichotangulia Afrika, Desemba 2009. Rusumo, kati yetu na Rwanda, kilizinduliwa Aprili 2016, Namanga Desemba 2018. Katika kituo cha namna hii unamalizia taratibu za nchi unayotoka ndani ya jengo la nchi unayoingia. Ni unafuu mkubwa, nami nausifu. Lakini madirisha yako manne ukumbini: uhamiaji wawili, forodha wawili. Uhamiaji wakikugongea kutoka na kuingia kwa dakika chache, akili inakwambia umemaliza nchi ya kwanza. Dirisha la forodha ya kutoka ndilo linalorukwa, kwa kuwa hakuna anayekuzuia ukilipita. Pasipoti inasema umetoka, na kibali kinasema pikipiki imebaki.

Kwa hiyo Kamati imeweka kanuni, na naomba mkutano huu uithibitishe: kwenye mpaka wowote, hakuna mwanachama atakayewasha injini mpaka kiongozi wa msafara ameona kwa macho yake muhuri wa forodha ya kutoka kwenye hati ya kila mmoja, na picha yake imetumwa kwa katibu. Hata kama mvua inanyesha, hata kama giza linaingia. Mwenye karneti aliyekosa muhuri wa kutoka ana njia moja iliyobaki. Akiwa nyumbani anaweza kuomba forodha waikague pikipiki na kujaza cheti cha mahali ilipo, mwishoni mwa kitabu. Mwenye kibali cha kawaida hana ukurasa kama huo.

Machache yaliyobaki nayapitia haraka. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Pangeni muda wa mpakani mkijua hilo. Ukivuka Rusumo unahamia kulia mwa barabara. Bandikeni herufi EAT nyuma, ndiyo alama ya kimataifa ya vyombo vya Tanzania. Msibebe nyama mbichi kupita vizuizi vya mifugo vya Botswana. Vishoka wanaowapokea kabla ya geti wakisema wanajua mkubwa, wapiteni kwa adabu, na pasipoti isitoke mkononi mwenu kwenda kwa mtu asiye na sare na dirisha.

Kuna wanachama wanaotaka ziada ya ada ishonewe makoti yenye nembo. Nayaheshimu mawazo yao, koti zuri linatupendezesha. Ila wapo wenzetu waliokwisha kuomba kwenda Cairo, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuweka dhamana ya karneti peke yake. Ninaomba fedha hizo zianzishe mfuko wa dhamana: mwanachama anakopeshwa, anasaini mkataba mbele ya wadhamini wawili kutoka chamani, na anarejesha fedha zikirudi baada ya kitabu kukubaliwa kuwa kimefungwa. Rasimu ya kanuni za mfuko iko kwa katibu, na kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.

Naomba kuwasilisha.