Barua kwa Mdogo Wangu: Deni la Kaka

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu. Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako." Basi mimi ni mzima. Na safari hii hofu na mashaka ni kwako kweli, maana tangu uliponikatia simu Jumapili ile sijasikia sauti yako.

Sikulaumu. Uliniuliza swali moja tu: "Dada, wewe unayeongoza maombi ya akina mama huko ughaibuni, mbona huu mwaka wa pili huongei na kaka yako?" Badala ya kukujibu nikakuhubiria. Usingekata ningekuwa bado nahubiri. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye simu mdomo wangu huitangulia akili, na ujumbe wa sauti wa dakika saba hakuna anayeusikiliza hadi mwisho, hata wewe unayenipenda. Kalamu inanichelewesha, na nilihitaji kucheleweshwa.

Jambo lenyewe unalijua, lakini acha nilisimulie jinsi nilivyolibeba mimi. Pesa ya macho ya Mama niliituma kwa Kaka kwa sababu ndiye mkubwa wetu na ndiye angempeleka hospitali. Daktari alishaeleza kwamba mtoto wa jicho si jambo la kutisha: wanatoa ile lenzi iliyoingia ukungu, wanaweka ya bandia, na mara nyingi mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kaka akaitumbukiza pesa kwenye biashara iliyokuwa inazama, akidhani itaibuka na kila kitu kitarudi kabla hatujashtuka. Haikuibuka. Mama akakaa miezi minane akipapasa kuta, na katikati ya miezi hiyo akajikwaa akaumia nyonga. Nakumbuka uliponipigia ukilia. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya kazini, glavu mikononi, na nakuungamia leo kwamba kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa Mama. Kilikuwa ni zamu. Ni usiku ngapi nilikesha kuipata ile pesa?

Mama alipopona alimwita Kaka, wakafungiana chumbani, wakatoka wote macho mekundu, na kwake yakaisha. Mimi nikatangaza kwamba nimesamehe pia. Nilisimama kanisani nikashuhudia, watu wakapiga makofi. Halafu kila mwisho wa mwezi nikituma pesa naandika kwenye kundi la familia: "Hii ni ya dawa za Mama, SI ya biashara." Ile "si" kwa herufi kubwa. Mashangazi wanasoma, wanawe Kaka wanasoma. Nimehesabu juzi, nimeandika hivyo mara ishirini. Huo ndio msamaha niliopigiwa makofi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Mama halijui. Kazi yangu ya usiku ni kuwatunza wazee wasioweza kujigeuza kitandani. Kila baada ya saa mbili namgeuza mzee ubavu, kwa sababu akilalia upande mmoja muda mrefu damu haipiti vizuri pale palipobanwa, ngozi inaanza kufa na kufanya kidonda. Nikishamgeuza naandika kwenye daftari la zamu: saa fulani, ubavu fulani, natia sahihi. Usiku mmoja niliketi saa nane nikapitiwa na usingizi. Nilipozinduka ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Nikamgeuza mzee wangu haraka haraka, nikafungua daftari, nikaandika "saa tisa, ubavu wa kushoto," nikatia sahihi. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Hicho ndicho kilichonitisha baadaye, kwamba mkono haukutetemeka.

Mzee hakupata kidonda na hakuna aliyejua. Nilikaa nalo siku nne. Siku ya tano ilikuwa zamu yangu kusoma Neno mbele ya akina mama, na somo tulilokuwa tumepangiwa lilikuwa Waefeso sura ya 4, pale Paulo anaposema tuuvue uongo, tuseme kweli kila mtu na jirani yake. Nilisoma hadi hapo sauti ikakatika. Wenzangu wakadhani ni upako.

Kesho yake nikamwendea msimamizi wangu nikamwambia yote. Huyu si mtu wa kanisa, wala hana habari na kanisa. Hakunifokea. Alinishukuru kwa kumwambia, kisha akaniandikia barua ya onyo, na kwa miezi mitatu kila mstari nilioandika ulikaguliwa na mtu mwingine. Nilikasirika, mdogo wangu! Nikawa najisemea, nimeshakiri, wanataka nini tena kwangu? Ilinichukua muda kuona kwamba nilikuwa nimesamehewa vizuri kuliko nilivyowahi kumsamehe mtu yeyote. Kazi nilibaki nayo. Hakuna aliyenitangaza mbele ya wenzangu. Kilichobaki kilikuwa ni kuaminiwa tena, na hicho hakiombwi, hujengwa siku kwa siku.

Halafu nikamkumbuka Kaka. Mimi niliandika uongo juu ya mwili wa baba wa watu. Yeye aliweka biashara yake juu ya macho ya mama yetu. Langu halikuleta madhara, lakini hiyo haikuwa kwa wema wangu. Mzee yule angeweza kuoza ubavu.

Hapo nikaurudia ule mfano wa mtumwa asiyesamehe, Mathayo 18. Tumezoea kuhubiriwa kwamba mmoja alisamehewa na mfalme deni kubwa, kisha akamkaba mwenzake kwa kideni kidogo tu. Nilichukua kalamu nikahesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, ndivyo walivyolipwa wale wa shamba la mizabibu katika sura ya 20. Kwa hiyo zile dinari 100 alizomdai mwenzake ni siku 100 za jasho, karibu miezi minne ukitoa Sabato. Hicho si kideni! Yesu hakusema yule mtumwa alikuwa anadai vijisenti. Nami nilipohesabu nikakuta ile pesa ya macho ilikuwa akiba ya zamu tisini na kitu. Nilifarijika ajabu. Kumbe Biblia inakubali kwamba nilidhulumiwa, na mtu akiniambia "ni pesa tu" nina haki ya kumkatalia.

Lakini talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na yule mtumwa wa kwanza alidaiwa talanta 10,000. Hizo ni dinari milioni 60. Ukifanya kazi siku 300 kila mwaka bila kula wala kuvaa, utamaliza kulipa baada ya miaka 200,000. Na ndiye aliyemwambia mfalme, "nivumilie, nami nitakulipa yote." Nilicheka peke yangu kwenye basi. Kisha nikaona ni mimi, nikaacha kucheka.

Kuna mstari mwingine ambao nimeusoma vibaya maisha yangu yote. Ule wa kuiacha sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Siku zote nilielewa kwamba ni pale ninapokuwa na neno juu ya ndugu yangu. Uangalie tena, Mathayo 5:23. Unasema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako. Yeye juu yako! Na Kaka analo. Ana maneno ishirini, yote yako kwenye simu, na wanawe wameyasoma. Mathayo 18 hiyohiyo inaagiza nikamwonye nikiwa naye peke yake kwanza. Mimi nilianzia kwa mashangazi.

Katika kutafuta namna ya kuandika barua hii nimesoma ya Paulo kwa Filemoni labda mara kumi. Ni fupi, mistari 25 tu. Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, wakaachana kwa ubaya, akakutana na Paulo aliyekuwa kifungoni, akaamini. Paulo anamrudisha na barua. Ninachokipenda ni kwamba hajifanyi kana kwamba hakuna deni. Anasema kama amekudhulumu au una unachomdai, andika juu yangu, mimi nitalipa. Deni halikanushwi, linahamishwa. Anaandika kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu anayetia sahihi hati. Halafu, kwa ujanja wa upendo (Paulo alikuwa mjanja, tusifiche), anamkumbusha Filemoni kwamba hata yeye ana deni kwa Paulo. Na barua anaielekeza pia kwa kanisa lililokuwa likikutana nyumbani kwa Filemoni, kwa hiyo jibu lake lisingekuwa siri.

Basi hivi ndivyo nilivyoamua.

Ile pesa nimeifuta. Nilikuwa na kidaftari nilichoandika kila nilichomtumia Kaka tangu nifike huku, na ukurasa ule nimeuchana. Simdai. Siku akipata, akitaka kurudisha, asirudishe kwangu. Amtafutie Mama kitu kwa mkono wake. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakuambiwa na mtu arudishe mara nne, ilimtoka mwenyewe, na ninataka kumwachia Kaka nafasi hiyo bila kumshikia kiboko.

Lakini pesa za matibabu ya Mama zitaendelea kupitia kwako. Hapa najua Mama atanuna, atasema kama umesamehe mbona humpi. Mweleze taratibu kwamba msimamizi wangu aliniacha kazini na bado akakagua daftari. Yakobo na Esau, ndugu waliokosana, walikumbatiana wakalia, kisha mmoja akaelekea Seiri na mwingine Sukothi, na sioni mahali Mungu alipowakemea kwa hilo. Nikimtwika Kaka tena mzigo uleule leo, huenda nitakuwa namtega. Tuanze na vidogo. Nitamwomba asimamie ukarabati wa choo cha Mama, kwa sababu kwa kazi za mikono na mafundi hakuna anayemshinda, na amekuwa akikaa kando kama mgeni kwenye nyumba aliyosaidia kuijenga.

Na kwenye kundi la familia nitaandika mwenyewe kwamba nilikosea kumwaibisha. Nilifikiria kumwomba radhi pembeni, ingekuwa rahisi zaidi. Lakini matusi niliyatoa mbele ya watu, siwezi kuyafuta chini ya meza. Wanawe waone shangazi yao akishuka. Usiniandikie chochote cha kunipamba hapo chini, wala ile mikono ya maombi. Acha likae hivyo lilivyo.

Sasa wewe. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nawe ulijaribu kulishika jembe lako, mimi nikakuvuta. "Amevaa nini? Amenunua nini? Ana simu mpya?" Nilikugeuza mpelelezi ndani ya nyumba yako mwenyewe, halafu nikakuita mtu wa kuomba naye. Nisamehe. Najua ilikufanya ushindwe kukaa na Kaka kwa raha, na naye amekuwa akikuogopa, ingawa hukumfanyia lolote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Waefeso inasema jua lisituchwee tukiwa na hasira. Huku na kwenu jua halizami wakati mmoja, kwa hiyo nilikuwa natania kwamba wa ughaibuni tumesamehewa mstari huo. Utani wenyewe umepitisha machweo zaidi ya mia sita.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimpigie Kaka picha barua hii. Mwambie kwa mdomo tu kwamba nitampigia Jumamosi nikitoka zamu, itakuwa kwenu kama saa tano asubuhi. Asipopokea nitamwelewa, nitapiga tena Jumapili, na Jumapili nyingine. Nitaanza na shikamoo, kama zamani. Sina hotuba. Nitamwambia nililomfanyia kwenye kundi, nitanyamaza, na yeye aseme lake au asiseme. Paulo anasema kama inawezekana, kwa upande wenu, mkae kwa amani na watu wote. Upande wake si wangu kuusimamia.

Likizo yangu imekubaliwa, nitakuja kabla ya mwaka kwisha. Paulo naye alimalizia kwa kumwomba Filemoni amtengenezee mahali pa kulala. Mimi naomba kile chumba cha nyuma, kile kinachopakana na kwa Kaka. Mwambie Mama asihangaike na godoro jipya.

Mpe shikamoo yangu. Akitaka kuisoma barua hii mwenyewe usimsomee, mpe tu. Nimeandika herufi kubwa kwa ajili yake, ndiyo maana imekula karatasi zote hizi.

Dada yako akupendaye