Barua kwa Wandera kuhusu Ouma

Walukuba, Jinja

Ndugu yangu Wandera,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku ni wazima. Mvua imeanza, mbao zinachelewa kukauka na kazi inakwenda polepole, lakini hayo yatasubiri. Nimepata ujumbe wako kwamba mwisho wa mwezi ndugu yako Ouma ataruhusiwa kutoka hospitali anakotibiwa ulevi, na kwamba ukoo umeamua arudi Tororo, kwenye chumba kilekile, pikipiki ileile na stegi ileile ya bodaboda. Jambo hilo limeninyima usingizi, ndiyo maana nimeona nikuandikie kwa kirefu badala ya kukupigia simu.

Nakuomba, Wandera, msimrudishe pale. Angalau si sasa.

Najua Mzee Hassan alisema kikaoni kwamba tabia haina dawa ila nia, na kwamba kijana mwenye nia atashinda popote alipo. Namheshimu mzee, lakini hapo sikubaliani naye. Nia Ouma alikuwa nayo hata mwaka ule alipoapa mbele ya mama yenu, na aliapa kwa machozi. Kilichomshinda ni saa kumi na mbili jioni. Unaijua stegi ile: abiria wanapungua, ng'ambo ya barabara chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi, kimeshawekwa katikati, maji ya moto yanamiminwa, wenzake wameshika mirija na mmoja anamwita kwa jina. Miguu huanza kuvuka barabara kabla kichwa hakijaamua lolote. Wanaochunguza ubongo wanaeleza kwamba tendo likirudiwa mara nyingi mahali palepale na saa ileile, sehemu za ndani za ubongo hulipokea na kuliendesha zenyewe, bila kusubiri tufikiri. Ndiyo maana wewe hufunga duka kila jioni, kisha ukifika nyumbani huna hakika kama umefunga. Uwezo huo hutusaidia sana katika kazi, lakini hauchagui kati ya jema na baya.

Nimesoma habari za askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971, wakati viongozi wao wakihofia kwamba heroini waliyoizoea vitani ingeingia nao majumbani. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia. Takribani mmoja kati ya kila watano alikuwa ametawaliwa na dawa hiyo huko vitani, lakini katika mwaka wa kwanza nyumbani ni kama asilimia 5 tu ya hao waliotawaliwa tena, na hata ilipotimia miaka mitatu waliokuwa wamerudia, japo kwa muda mfupi, walikuwa asilimia 12. Sidhani kwamba nia yao iliizidi ya Ouma. Waliiacha nyuma kambi, waliwaacha wenzao wa kuvuta nao, na heroini haikuwa tena karibu na kwa bei ya chini kama kule. Sisi tunataka kumfanyia Ouma kinyume chake: atibiwe mbali, kisha arudishwe kwenye chungu.

Sisemi kwamba pombe ni sawa na heroini, wala kwamba safari ya kutoka Tororo hadi Jinja inaponya ugonjwa. Dawa alizoandikiwa azimeze na kliniki aihudhurie bila kukosa. Tena kuondoa kitu peke yake hakutoshi. Serikali ilipopiga marufuku waragi, ile pombe kali, wa vipakiti mwaka 2019, Odhiambo alipunguza kunywa kwa sababu hakuwa tena na kitu cha kutia mfukoni asubuhi, lakini wenzake wawili walihamia kwenye chupa bila hata kupumzika. Saa iliyobaki tupu ni lazima ipewe kazi nyingine.

Kwa hiyo naomba aje kwangu. Chumba cha nyuma kipo, na karakanani nina meza na vitanda vya kupiga msasa vya kutosha. Ikifika hiyo saa kumi na mbili nitakuwa naye: tutafunga, tutakula kikomando, chapati na maharage, kwa Zainabu, kisha atakwenda uwanjani kwa vijana wa mtaa, ambao wanahitaji mtu wa kuwafundisha mpira, naye unajua alivyokuwa akiucheza.

Shemeji ameuliza kama wiki tatu zitatosha. Hesabu hiyo ya siku 21 imeenea sana, lakini chanzo chake ni daktari wa upasuaji, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau muda huo kuzoea sura zao mpya. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 na kuchapisha matokeo mwaka 2010: kwa kawaida tabia mpya ilihitaji kama siku 66 kukomaa, mwepesi kabisa siku 18, na kwa mzito zaidi walikadiria siku 254. Hao walikuwa wakijizoesha mambo kama kunywa maji wakati wa chakula. Hawakuwa wakiacha pombe. Mpeni miezi, si wiki. Waliona pia kwamba kukosa mara moja hakukuharibu kazi yote. Basi Ouma akiteleza nitampeleka kliniki siku hiyohiyo, na nakusihi asiitiwe kikao cha kuaibishwa.

Kinachonitia wasiwasi ni mkopo wa pikipiki. Je, Odhiambo anaweza kuiendesha na kukuletea hesabu kila Jumamosi, ili marejesho yasisimame? Mama yenu atakubali mwanawe akae mbali naye, au nije mwenyewe nizungumze naye? Daktari amesema ahudhurie kliniki mara ngapi, na barua ya kumhamishia kliniki ya Jinja ataiandika nani? Na Ouma mwenyewe, kuna yeyote aliyemuuliza anataka nini? Hilo la mwisho naomba ulifanye kabla ya mengine yote.

Mama Nekesa anakuja Jinja Alhamisi. Mpe jibu lako, pamoja na vyeti vya hospitali kama vipo tayari, nami nitaanza kukitengeneza chumba.

Ni mimi ndugu yako,
Barasa