Barua kwa mwanangu: jeni zinazoamrisha jeni nyingine

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: ikiwa jeni zinazoleta saratani zimeshajulikana kwa majina, mbona zisizimwe tu, yakaisha? Jibu ni refu kuliko ujumbe wa simu, basi kaa usome.

Kwanza, jeni hizo si wageni mwilini. Mwaka 1976 kundi la Michael Bishop na Harold Varmus, huko Marekani, lilionyesha kwamba jeni ya SRC, iliyokuwa ikijulikana kwa kirusi kinachowapa kuku uvimbe, asili yake ni kuku mwenyewe; kirusi kiliichukua tu. Nawe unazo za namna hiyo, na zinafanya kazi halali.

Ninayotaka uielewe vizuri ni MYC. Hiyo ni nyapara: jembe hashiki, lakini shamba zima linalimwa kwa amri yake. Protini yake huingia kwenye kiini cha seli, ikashikana na mwenzake aitwaye MAX, kisha wawili hao wakatua kwenye DNA palipoandikwa herufi sita, CACGTG. Herufi hizo zimetapakaa, ndiyo maana jeni zinazoisikiliza MYC huhesabiwa kwa maelfu: za kujenga ribosomu (viwanda vya protini ndani ya seli), za kuvunja glukosi, za kuisukuma seli igawanyike. Ikishatua huita vimeng'enya vinavyolegeza DNA iliyojisokota kwenye protini ziitwazo histoni, na jeni iliyo jirani ikaanza kunukuliwa kwa wingi, yaani kusomwa ili protini yake itengenezwe. Nyingine huzinyamazisha. Ikishikana na protini ya MIZ1 huizima jeni ya p21, ambayo ingeizuia seli isiendelee kugawanyika.

Katika seli isiyo na ugonjwa, MYC haikai; nusu yake huwa imevunjwa ndani ya nusu saa hivi. Sasa tazama saratani ya Burkitt. Mara nyingi kipande cha kromosomu 8 chenye MYC hukatika kikahamia kromosomu 14, kando ya jeni za kingamwili, ambazo katika seli B (seli za damu zinazotengeneza kingamwili) hazilali. Hapo MYC nayo hutengenezwa bila kukoma, na tatizo kubwa ni wingi wake. MYC ikizidi, hutua hata mahali ambapo kwa kawaida isingeshika, na jeni ambazo hazikuhusika zikaanza kupokea amri. Vitabu vingi vya shule hulipita jambo hili mbio, nami naona ndipo penye siri yote.

Jeni nyingine maarufu ya saratani ni RAS. Protini yake haigusi DNA kabisa. Hukaa kwenye utando wa seli, na badiliko la herufi moja tu latosha kuifanya isizimike. Huamsha protini nyingine kwa zamu: RAF, RAF ikaamsha MEK, MEK ikaamsha ERK. ERK huingia kwenye kiini na kuwasha jeni kama FOS. Tena huibandika MYC fosfati inayoichelewesha kuvunjwa. Umeona? Njia mbili, mwisho zinakutana.

Lakini seli si mjinga. MYC ikipiga kelele kupita kiasi, kengele hufika kwa p53, protini mlinzi wa seli, nayo huwasha jeni za kuiua seli hiyohiyo. Ndiyo maana uvimbe mwingi unaoitegemea MYC huwa pia umeiharibu p53 au njia ya kuifikia. (Hapa hunisisimua kila nikifundisha, nisamehe.)

Basi, mbona isizimwe? MYC inahitajika na seli zisizo na ugonjwa pia, hasa zinazogawanyika upesi, kama za utumbo na za uboho. Isitoshe, protini yake haina tundu zuri ambalo dawa ingejishikiza. RAS nayo ilikaidi miongo mingi. Dawa ya kwanza ya kuishika moja kwa moja, sotorasib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021, nayo ni ya badiliko moja tu la KRAS (mmoja wa ukoo wa RAS), liitwalo G12C.

Wengine wameona heri kupiga chini zaidi kwenye njia ya RAS, kwa mfano MEK. Ila miongoni mwa jeni zinazowashwa na ERK zimo DUSP na SPRY, ambazo kazi yake ni kuituliza njia hiyohiyo. Ukiizuia MEK, watulizaji nao hupungua, na ujumbe kutoka juu hurudi na nguvu mpya. Ndiyo maana siku hizi dawa mbili hupewa pamoja.

Niandikie unavyofikiri: ungekuwa wewe, dawa ya pili ungeielekeza juu ya MEK au chini yake? Nieleze na sababu.

Mama yako